Elimu ya Mkunjo katika Tiba na Roboti: Mafunzo kutoka Beni na Butembo

1. Maana ya uhandisi wa mkunjo

Bati jembamba lisilo na mawimbi likilazwa juu ya kuta mbili hulegea katikati. Bati hilohilo likitiwa mawimbi huezeka nyumba, huhimili mvua za Butembo miaka mingi, na fundi hupita juu yake akigongomea misumari. Chuma hakikuongezeka hata gramu moja. Kilichobadilika ni umbo. Mawimbi ya bati ni mikunjo, na mkunjo umekipa kitu dhaifu uti wa mgongo. Mwavuli hufundisha upande wa pili. Ukifungwa huingia kwapani. Ukifunguliwa humfunika mama pamoja na mtoto aliye mgongoni. Hapo mkunjo umeweka akiba ya ukubwa, hadi mvua iuhitaji.

Uhandisi wa mkunjo ni taaluma inayozichukua faida hizo mbili, nguvu na akiba ya ukubwa, ili kubuni vifaa vinavyosafiri vikiwa vidogo na kufanya kazi vikiwa vikubwa. Huitwa pia uhandisi wa origami, kwa jina la sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi. Jina hilo limeundwa na maneno mawili: oru, yaani kukunja, na kami, yaani karatasi. Kila kifaa cha aina hii hujibu maswali matatu: njia yake ina wembamba gani, kazi yake inataka ukubwa gani, na ni nani au ni kitu gani kitakachokifungua kikishafika. Njia inaweza kuwa mshipa wa damu, koo la mtoto, mfuko wa muuguzi, au barabara ya udongo kati ya Beni na Mangina wakati wa mvua. Kadiri njia inavyobana, ndivyo thamani ya mkunjo inavyopanda. Kwa sababu hiyo Kivu Kaskazini, mkoa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wenye miji ya Beni na Butembo, ni mahali panapofaa sana kuichunguza taaluma hii, ingawa maabara zake nyingi ziko mbali.

2. Kanuni za mkunjo

Kanuni ya kwanza ni ya unene. Ugumu wa bamba dhidi ya kupindwa hutegemea unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Unene ukipungua kwa nusu, ugumu hupungua mara nane. Ukipungua hadi robo, hupungua mara 64. Kwa hiyo mhandisi akichora mstari juu ya bamba la plastiki na kuupunguza unene wake hapo tu, mstari huo hupindika kwa urahisi huku sehemu zilizobaki zikikaa imara. Mstari umekuwa bawaba. Bawaba hiyo haina pini, haina skrubu, haitaki mafuta, wala haina kipande kinachoweza kudondoka ndani ya jeraha la mgonjwa.

Kanuni ya pili ni ya hesabu. Mkunjo unaoinuka huitwa mlima, na unaozama huitwa bonde. Karatasi ya daftari ikikunjwa katikati, kisha ikakunjwa tena kwa kukata mkunjo wa kwanza, ikifunguliwa huonyesha mistari minne inayokutana kwenye nukta moja. Mitatu kati ya hiyo ni ya aina moja na mmoja ni wa aina nyingine: mabonde matatu na mlima mmoja, au kinyume chake. Tofauti ni mbili. Jun Maekawa wa Japani alionyesha kwamba popote mikunjo inapokutana kwenye nukta moja na karatasi kulala bapa, tofauti ya milima na mabonde ni mbili daima. Mwenzake Toshikazu Kawasaki alieleza sharti la pembe: pembe zinazoizunguka nukta hiyo zikihesabiwa kwa kuruka moja baada ya nyingine, jumla ya kila kundi ni nyuzi 180. Katika karatasi ya daftari kila pembe ni nyuzi 90, na 90 mbili ni 180. Anayebuni kifaa huanzia kwenye masharti haya, kwa kuwa mchoro unaoyavunja hautalala bapa hata ukiundwa kwa chuma cha bei ya juu.

Kanuni ya tatu ni ya mwendo. Koryo Miura, mhandisi wa vyombo vya anga wa Japani, alibuni mchoro wa misambamba inayofuatana kwa safu, ambao leo hujulikana kwa jina lake. Sifa yake kubwa ni kwamba mikunjo yote hutembea pamoja. Anayeshika pembe mbili za karatasi na kuzivuta huifungua yote kwa tendo moja, na akizisukuma huifunga yote. Mwaka 1995 mchoro huo ulitumika katika chombo cha Kijapani kilichoitwa Space Flyer Unit, kilichobeba bamba la kukusanya nishati ya jua likiwa limekunjwa na kulikunjua angani. Angani hakuna fundi wa kuvuta kona iliyokwama. Ndani ya mshipa wa moyo pia hakuna. Mkunjo unaofunguka kwa tendo moja ndio daraja lililozivusha fikra hizi kutoka kwenye roketi hadi kwenye chumba cha upasuaji.

3. Beni, 2018: chumba kinachobebeka

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola ulioonekana kwanza Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako, magharibi mwa mji wa Beni. Ugonjwa ulienea hadi Beni, Butembo na Katwa, ukafika pia mkoa wa Ituri. Ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 2,287 walikuwa wamekufa. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo, baada ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016.

Kituo cha matibabu ya Ebola, ambacho wakaaji walikiita CTE kwa kifupi cha Kifaransa, kilikuwa na tatizo lililo la kitabibu na la kihandisi kwa pamoja. Virusi hupita kwa kugusa majimaji ya mgonjwa, kwa hiyo muuguzi hawezi kumkaribia bila kuvaa vazi la kinga kutoka utosini hadi unyayoni. Ndani ya vazi hilo jasho halina pa kutokea. Beni iko karibu na mstari wa ikweta, chini kuliko Butembo yenye baridi ya milimani, na katika joto lake mhudumu huvumilia takriban saa moja kabla ya kulazimika kutoka, kunyunyiziwa klorini na kuvuliwa kwa utaratibu mrefu. Mgonjwa mahututi, ambaye dripu yake inataka kuangaliwa kila mara, hupata mhudumu kwa vipindi tu. Nje ya uzio, ndugu huona turubai. Mtu wao ameingia akiwa anatembea, na habari ya pili wanayoletewa inaweza kuwa ya kifo. Hofu iliyojaza miji hii miwili, kwamba anayeingia CTE harudi, ilipata chakula chake katika ukuta usioonyesha kitu.

Shirika la kitabibu ALIMA lilileta Beni chumba kilichoitwa CUBE, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya chumba cha dharura chenye kinga ya kibiolojia kwa ajili ya milipuko. Wazo lake lilitokana na mafunzo machungu ya Afrika Magharibi. Ni chumba cha mgonjwa mmoja, chenye kuta za plastiki inayoonyesha, chenye kiyoyozi, kinachosafirishwa kikiwa kimefungwa na kusimamishwa mahali panapohitajika. Katika kuta zake kumeshikizwa mikono mirefu yenye glavu. Muuguzi aliye nje huingiza mikono yake humo, akaweka dripu, akapima mapigo ya moyo, akamgeuza mgonjwa au kumpa maji, bila kuvaa vazi zito. Anaweza kukaa karibu mchana na usiku. Mama anaweza kusogea hadi kwenye ukuta na kuonana uso kwa uso na mwanawe. Mgonjwa akipona au akifariki, chumba husafishwa kwa dawa na kupokea mwingine.

Kwa mtazamo wa uhandisi, CUBE si origami ya vitabuni. Haina misambamba ya Miura. Lakini ni jamaa wa karibu wa ukoo huo, maana hujibu maswali yaleyale matatu. Njia yake ni barabara mbovu na ndege ndogo ya mizigo. Kazi yake inataka ukubwa wa chumba kizima. Wanaokifungua ni wahudumu wa kituo chenyewe, pasipo kungoja waashi na saruji. Ukuta wake umechaguliwa kuwa utando mwembamba kwa sababu zilizokwisha kuelezwa: utando hupindika, hujikunja, na hauna uzito mkubwa. Mkono wenye glavu ulioshikizwa ukutani nao ni mkunjo, kwani mhudumu akiusukuma hugeuka kuelekea ndani kwa mgonjwa, naye akabaki upande wake.

Chumba hiki kilikutana na tukio kubwa la sayansi. Tarehe 20 Novemba 2018, katika kituo cha ALIMA cha Beni, ulianza utafiti ulioitwa PALM wa kulinganisha dawa nne za Ebola. Baadaye ulifanyika pia Butembo, Katwa na Mangina. Miongoni mwa waliouongoza alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, Mkongomani aliyeshiriki kuuchunguza mlipuko wa kwanza wa Ebola huko Yambuku mwaka 1976. Mwezi Agosti 2019 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa dawa mbili zilikwisha kuonyesha ubora. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35.1 ndani ya siku 28, na kati ya waliopewa REGN-EB3 asilimia 33.5, ilhali waliopewa ZMapp walikufa asilimia 49.7, na waliopewa remdesivir asilimia 53.1. Dawa zote nne hutolewa kwa dripu. Dripu hudai mtu wa kuitazama, na mtu huyo hudai mahali anapoweza kusimama kwa usalama. Kifaa cha kukunja na dawa ya maabara ni washirika wa kazi moja.

Ukweli unadai jambo jingine pia lisemwe. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha Katwa kilishambuliwa, na siku tatu baadaye kile cha Butembo. Sehemu za vituo hivyo ziliteketea. Tarehe 19 Aprili 2019 Dokta Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Nyuma ya mashambulio hayo kulikuwa na miaka ya mauaji ya raia, makundi yenye silaha, na uchaguzi wa Desemba 2018 ulioahirishwa katika miji hii na maeneo machache mengine. Ukuta unaoonyesha huondoa sababu moja ya hofu. Sababu nyingine hazimo katika uwezo wa plastiki.

4. Ndani ya mwili

Mshipa wa damu uliobanwa au uliovimba hutibiwa kwa stenti, yaani mrija mdogo unaoingizwa ukiwa umefinywa na kutanuliwa ukishafika. Stenti ya kawaida ni wavu wa chuma, na pale inapobidi kuziba ukuta uliovimba, wavu huo huvishwa kitambaa. Kaori Kuribayashi na Zhong You wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2006, njia ya kuunganisha wavu na kitambaa kuwa kitu kimoja. Walichukua karatasi nyembamba ya aloi ya nikeli na titani, wakaitia mikunjo ya milima na mabonde kwa mchoro ambao watoto wa Japani huutumia kutengeneza puto la karatasi, kisha wakaifanya mrija. Mrija huo ukikunjwa hupungua kipenyo na urefu kwa wakati mmoja. Aloi yake hukumbuka umbo ililofunzwa na kulirudia inapofikia joto fulani, na joto hilo laweza kupangwa liwe karibu na la mwili wa binadamu. Mfunguzi wa kifaa hiki, basi, ni mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Katika vyombo vya upasuaji, Larry Howell na Spencer Magleby wa Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Marekani wamefuata njia ya bawaba zisizo na pini. Koleo la kawaida la upasuaji wa tundu dogo lina pini, magurudumu madogo na nyaya, na kila kiungo kinapofanywa kidogo zaidi huwa kigumu kuunda na kigumu kusafisha. Timu hiyo ilibuni koleo linalofumba kwa kukunjika, na kulenga vyombo vya kupita kwenye tundu la takriban milimita 3. Tundu la kadiri hiyo linaweza kupona bila kushonwa. Kwa hospitali yenye wauguzi wachache, kidonda kisichodai nyuzi wala kurudi kuzitoa ni nafuu inayohesabika kwa siku za kitanda.

5. Roboti zinazojikunja

Mwaka 2014 watafiti wa Harvard na MIT, wakiwemo Sam Felton, Robert Wood, Erik Demaine na Daniela Rus, walionyesha roboti iliyoanza ikiwa karatasi bapa yenye betri na mota. Kwenye mistari ya mikunjo kulikuwa na plastiki inayosinyaa ikipashwa joto. Umeme ulipopita, mistari ilipashwa joto kwa zamu, karatasi ikajikunja, na baada ya takriban dakika nne ilisimama kwa miguu yake na kutembea bila mkono wa mtu kuigusa. Jambo la msingi hapo ni mpangilio wa zamu. Mkunjo wa pili ukitangulia wa kwanza, roboti hujifunga yenyewe, kama shati linalokunjwa mikono ikiwa nje.

Mwaka 2016 kundi la Daniela Rus, pamoja na Shuhei Miyashita na wenzao, lilipeleka wazo hilo tumboni. Watoto humeza betri ndogo za duara, zile za saa na vitu vya kuchezea. Marekani peke yake huhesabu takriban visa 3,500 kwa mwaka. Betri ikigusa utando wa koo au tumbo huweza kuuchoma kwa umeme wake. Watafiti waliunda roboti ndogo ya kukunjwa, yenye tabaka la utumbo mkavu wa nguruwe, aina inayotumiwa kutengenezea soseji, na ndani yake sumaku. Ilikunjwa na kugandishwa ndani ya kidonge cha barafu. Kidonge kikimezwa, barafu huyeyuka na roboti hukunjuka. Sumaku iliyo nje ya mwili huiongoza hadi kwenye betri, ikainasa na kuiondoa pale ilipokwama. Majaribio yalifanywa katika tumbo la bandia lililojazwa maji yenye limau kuigiza asidi. Maswali matatu yamejibiwa waziwazi: njia ni koo, kazi ni kutembea juu ya ukuta wa tumbo, mfunguzi ni joto la mwili linaloyeyusha barafu.

Mwaka 2017 Shuguang Li, Wood, Rus na wenzao walichapisha kazi kuhusu misuli ya bandia. Kiunzi kilichokunjwa hutiwa ndani ya mfuko laini uliozibwa. Hewa ikinyonywa, mfuko hukibana kiunzi, nacho hukunjika kwa jinsi kilivyochorwa. Msuli wa aina hiyo huweza kuinua hadi mara elfu moja ya uzito wake, na malighafi zake hugharimu chini ya dola moja. Aliyewahi kuziba mdomo wa bomba la sindano na kuvuta mchi wake anaijua nguvu inayotumika hapo. Mkono wa roboti wa namna hii hushika kitu chororo bila kukiharibu, na kwa sababu hiyohiyo unaweza kufaa kushika mwili wa mgonjwa.

6. Karatasi iliyogeuka maabara

Mkunjo wa bei nafuu kuliko yote ni wa karatasi halisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, wakiongozwa na Jonathan Cooper na Julien Reboud, walibuni kipimo cha malaria kinachotafuta vinasaba vya vimelea katika tone la damu ya kidoleni. Kwa kawaida kazi hiyo inadai maabara yenye mashine kadhaa, kwani damu hupasuliwa seli zake, vinasaba hunaswa, huoshwa, kisha huzidishwa hadi vionekane. Katika kipimo chao, kila hatua ina sehemu yake juu ya karatasi. Karatasi ikikunjwa, sehemu moja hulala juu ya nyingine na sampuli husonga mbele. Mkunjo umekuwa bomba na vali. Kisha vinasaba huzidishwa kwa joto lisilobadilika, na jibu husomeka kama mistari kwenye kijikanda, mithili ya kipimo cha mimba. Kazi yote huchukua chini ya dakika 50.

Kipimo hicho kilijaribiwa Uganda, katika wilaya za Mayuge na Apac, kwa watoto wa shule 67, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Kiliwatambua asilimia 98 ya walioambukizwa, ilhali hadubini ilitambua asilimia 86 na kipimo cha haraka cha kawaida asilimia 82. Uganda ni jirani wa mlango wa pili. Malori ya Butembo huingia humo kupitia mpaka wa Kasindi. Tena Beni ina sababu yake ya kuufuatilia utafiti huo. Wakati wa mlipuko wa 2018 malaria ilipanda sana, na Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hadi nusu ya waliofika kupimwa Ebola walikuwa na malaria tu. Homa mbili zinazofanana mwanzoni ziliwaweka watu kwenye foleni moja, na aliyekuja na malaria angeweza kuketi karibu na mwenye Ebola. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo kampeni ya kugawa dawa za malaria mjini Beni ililenga watu 450,000. Kipimo kinachobebeka mfukoni na kutoa jibu mlangoni kingewatenganisha wagonjwa hao mapema.

Hadubini ya karatasi, Foldscope, ni mfano unaojulikana zaidi. Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliieleza mwaka 2014. Hukatwa kutoka karatasi moja, hukunjwa na mtumiaji mwenyewe, na lenzi yake ni kidonge kidogo cha kioo. Vifaa vyake vilikadiriwa kugharimu chini ya dola moja. Mikunjo ndiyo inayoiweka lenzi na sampuli kwenye mstari mmoja, kazi ambayo katika hadubini ya chuma hufanywa na skrubu za gharama. Hata hivyo, ilipojaribiwa Ghana kutafuta mayai ya kichocho katika mkojo, iligundua takriban asilimia 56 tu ya walioambukizwa. Kwa darasa la biolojia ni hazina. Kwa kumpa mgonjwa uamuzi, bado.

7. Mipaka ya mkunjo

Mpaka wa kwanza ni uchovu. Mstari unaokunjwa na kukunjuliwa hupata nyufa, na ufa wa kwanza hutokea pale mikunjo mingi inapokutana. Kwa hiyo kifaa cha kufunguliwa mara moja, kama stenti, kina shida tofauti na chumba cha kufungwa na kufunguliwa kila mlipuko. Mpaka wa pili ni unene. Hesabu za Maekawa na Kawasaki huichukulia karatasi kana kwamba haina unene. Bamba halisi likikunjwa mara nyingi hujaa, na mhandisi hulazimika kukata nafasi au kuhamisha bawaba kando. Mpaka wa tatu, ulio mzito zaidi hospitalini, ni usafi. Bonde la mkunjo ni mahali ambapo damu hujificha na klorini haifiki vizuri. Kifaa kinachorudiwa lazima kiwe na mabonde mapana yanayofikiwa na kitambaa, au kiwe cha kutumika mara moja na kuchomwa.

Mpaka wa nne ni umbali kati ya maabara na wodi. Stenti ya Oxford na roboti ya tumboni zimethibitisha kanuni, lakini hazijawa vifaa vya kawaida hospitalini. CUBE imefika kwa wagonjwa, kwa sababu utando wake ni wa kawaida na ujuzi unaotakiwa kuutumia ni wa muuguzi wa kila siku. Kipimo cha kifaa chochote kati ya hivi ni kama mtu aliyepo mahali pa shida anaweza kukifungua, kukitumia na kukisafisha.

8. Nafasi ya Beni na Butembo

Ujuzi wa kukunja haukosekani katika miji hii. Fundi bati hutengeneza jiko, ndoo au sanduku kutoka bamba moja: huchora kwanza umbo likiwa bapa, hukata, kisha hufungamanisha kingo kwa mkunjo unaoshikana bila kulehemu. Anachochora chini kabla ya kukata ni kilekile anachochora mhandisi wa Oxford. Mshonaji wa kitenge hutia marinda, na kila rinda ni mlima na bonde. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kina kitivo cha tiba na hospitali yake. Wauguzi waliofanya kazi katika CTE za Beni, Katwa, Butembo na Mangina wanajua pembe ipi ya chumba husumbua kusafisha, glavu ipi hubana mkono, na mgonjwa hutaka kumwona nani kwanza. Maarifa ya namna hiyo hayamo katika maabara yoyote ya Ulaya au Marekani.

Ebola ilirudi tena: Butembo na viunga vyake mwezi Februari 2021, Beni mwezi Oktoba mwaka huohuo, na Beni tena mwezi Agosti 2022. Kila mara ilidhibitiwa ikiwa ndogo. Vifaa vya mlipuko ujao vinafaa kubuniwa na wanaoishi karibu nao, fundi bati, mshonaji, muuguzi na mwanafunzi wa hesabu wakiketi meza moja. Walimu wa miji hii wanaweza kuanza sasa, kwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili na kufunguliwa: wanafunzi wahesabu milima, wahesabu mabonde, wapime pembe. Somo la kwanza halihitaji kifaa kingine.